Bodi inataka niandike mfumo upya kwa "lugha ya kisasa". Nikubali?

Shikamoo Mama Seva,

Mimi ni binti wa Morogoro, natengeneza tovuti na mifumo midogo midogo ya kompyuta. Nilisoma stashahada ya TEHAMA, chuoni tukafundishwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na MySQL ya kuhifadhia data, na nilipomaliza nikaendelea nazo hizo hizo. Wateja wangu ni wa kawaida tu: lodge, duka la pembejeo, shule ya chekechea, na SACCOS moja ya walimu niliyoitengenezea mfumo wa hesabu za wanachama, yaani nani kakopa, nani karejesha, nani anadaiwa. Huo mfumo wa SACCOS ndio unaonilipia pango, maana kila mwezi wananipa kitu kidogo cha kuuangalia.

Sasa nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo Dar. Alikuja likizo akakuta nimefungua kazi ya SACCOS kwenye laptop, akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, bado uko kwenye PHP? PHP imekufa siku nyingi. Watu wako kwenye Node na React." Hizo mbili ni za JavaScript, lugha ya ndani ya vivinjari. Mimi nikamwacha aongee. Bahati mbaya jioni ile mwenyekiti wa SACCOS akapita nyumbani, ni mtu wa karibu na familia, dogo akamwaga yote tena mbele yake. Haikupita muda nikaitwa kwenye kikao cha bodi. Nimeambiwa mfumo uandikwe upya kwa lugha ya kisasa. Mjumbe mmoja anataka Python kwa sababu ndiyo ya akili mnemba. Mwingine akauliza kwa nini isiwe Java kama ya benki. Hela ya kuandika upya hakuna aliyeitaja.

Mama, mimi sikatai kujifunza. Ila nataka kuelewa. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kijana anasema Ruby ni tamu kuliko lugha zote, mbona sijawahi kuona tangazo la kazi hapa kwetu linaloitaka? JavaScript kila mtu anaitukana na kila mtu anaiandika. Perl nasikia ilikuwa mfalme, leo simjui hata mmoja anayeiandika. Nani anaamua haya mambo? Ni ubora wa lugha, ni makampuni makubwa, au ni bahati tu? Na bodi niijibu nini?

Wako,
Fundi wa Mji Kasoro Bahari

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hilo neno "imekufa", maana ndilo lililokupeleka kwenye kikao. Kampuni ya W3Techs, ambayo kazi yake ni kuangalia teknolojia zilizo nyuma ya tovuti, inaonyesha kwamba katika tovuti ambazo lugha yake ya upande wa seva (kompyuta inayohifadhi tovuti na kuituma kwa wageni) inajulikana, zaidi ya asilimia 70 zinaendeshwa na PHP. Maiti gani hiyo? Lakini usikimbilie kumkoga mdogo wako, kwa sababu na yeye ana takwimu zake. Stack Overflow, ambao kila mwaka huwauliza watu wa programu wanatumia nini, wameikuta JavaScript inaongoza kwa zaidi ya miaka kumi. GitHub, ambako watu huweka kodi, yaani maandishi ya programu zao, walitangaza mwaka 2024 kuwa Python imeipita JavaScript, na mwaka 2025 wakasema TypeScript, ambayo ni JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, imezipita zote mbili.

Wote hao wanasema kweli. Wa kwanza anahesabu tovuti, na lodge yako yenye WordPress, programu ya bure ya kujengea tovuti, ni mojawapo ingawa mwenye lodge hajaandika mstari hata mmoja maishani mwake. Wa pili anahesabu watu waliojitokeza kujibu. Wa tatu anaangalia nani anapeleka kazi pale kwake. Mdogo wako anaishi katikati ya hao wa pili na wa tatu, na kwenye YouTube, ambako hakuna anayetengeneza video kuhusu mfumo wa SACCOS unaopokea marejesho bila matatizo.

Sasa swali lako lenyewe. Ubora una nafasi yake, ila hausimami mbele ya foleni. Mimi nikitazama hizi lugha za wavuti zilivyopanda na kushuka, naona inayoshinda ni ile iliyokwishafika mahali kazi inapofanyika kabla mfanyakazi hajafika. Ikishakuwapo pale watu wanaizoea, wanaandika vitu vya bure ambavyo wengine wanavikuta tayari, na waajiri wanaitaja kwenye matangazo kwa sababu wanajua hawatakosa wa kumwajiri. Tazama PHP na Perl, hapo jambo linaonekana kwa macho.

Perl ni ya Larry Wall, mwaka 1987. Haikuandikwa kwa ajili ya wavuti, maana wavuti wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Ilikuwa ya kuchambua maandishi na kuwarahisishia kazi wasimamizi wa mitambo ya Unix, mfumo endeshi wa seva nyingi. Wavuti ulipoanza, hao wasimamizi ndio waliokuwa na funguo za seva, na mikononi walikuwa na Perl. Fomu ya kwanza uliyojaza mtandaoni, kama una umri wangu, huenda ilipokelewa na Perl.

Lakini ona kazi yenyewe ilivyokuwa. Unataka ukurasa uandike "Karibu Asha". Unafungua faili, mstari wa kwanza unaielekeza seva Perl iko wapi: #!/usr/bin/perl. Halafu unachapisha kichwa kinachosema Content-type: text/html, na baada yake lazima uache mstari mtupu. Halafu HTML yote, yaani alama zinazopanga ukurasa, mwanzo hadi mwisho, unaitoa kwa amri ya print. Unapeleka faili kwenye folda ya cgi-bin, mahali pa programu za seva, unaliwekea ruhusa ya 755 ili seva iweze kuliendesha. Ukisahau ule mstari mtupu, au kama uliandikia kwenye Windows na mwisho wa kila mstari ukabeba alama isiyoonekana ambayo Unix haiitaki, unaletewa ukurasa mweupe wenye namba 500 na maneno Internal Server Error. Basi. Kosa liko wapi huambiwi. Limeandikwa kwenye logi ya seva, daftari lake la matukio, na logi hiyo mwenye seva hakupi ruhusa kuisoma.

Upande wa pili yuko Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Alikuwa na ukurasa wake binafsi wenye wasifu wake wa kazi, akataka kujua watu wanausoma kiasi gani. Akaandika vijiprogramu kwa lugha ya C, akaviita Personal Home Page Tools, na Juni 1995 akavitoa bure. Hakuwa ametumwa kubuni lugha, na inaonekana. Kuna strlen na kuna str_replace, moja ina kistari cha chini na nyingine haina. Kwenye in_array unachotafuta kinatangulia, kwenye strpos kinafuata. Haya unayajua, umeshayalaani usiku wa manane. Mwaka 1998 Zeev Suraski na Andi Gutmans wakaijenga upya ikawa PHP 3, lakini ule uswahili wake wa kujipangia haukuisha.

Ila kumkaribisha Asha kwa PHP ni hivi: unachukua ukurasa wako wa HTML ulio tayari, unaubadilisha jina kutoka .html kuwa .php, na pale unapotaka jina litokee unaingiza <?php echo $jina; ?>. Unaupandisha kwenye seva kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili. Umemaliza. Ukikosea, inakuambia kosa liko mstari wa ngapi, hapo hapo kwenye ukurasa. Mtu aliyejua HTML tu, mbuni wa mabango, mwalimu wa sekondari, karani wa parokia, aliweza kuanza asubuhi na kuwa na kitu cha kuonyesha jioni. Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wahandisi, na ndio waliojaza mtandao.

Kulikuwa na sababu nyingine nyuma ya pazia, na mimi naiona kubwa zaidi: hostingi, yaani kukodi nafasi kwenye seva ya mtu. Kwa njia ile ya cgi-bin, kila mgeni akifungua ukurasa seva inaianzisha Perl upya, inafanya kazi, inaizima. Wageni wakiwa wengi seva inahema. Dawa ilikuwapo, iliitwa mod_perl, lakini iliingia mpaka kwenye matumbo ya Apache, programu ya seva inayopokea maombi ya wageni, na mwenye hostingi hakutaka wateja asiowajua wafike huko. PHP nayo ilikaa ndani ya Apache, ila kwa adabu: ombi linakuja, linahudumiwa, kila kitu kinafutwa. Mteja mmoja akiharibu, uharibifu unaishia kwenye ombi lake. Kwa hiyo mfanyabiashara aliweza kupakia mamia ya wateja kwenye seva moja na kuwatoza kidogo kidogo. Wakati watu wa Dar, Nairobi na Kampala wanaanza kulipia hostingi, kifurushi cha bei ya chini kilikuwa na PHP na MySQL ndani yake, na hata leo ukinunua cha bei rahisi chenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hostingi, unazikuta humo. Hakuna aliyekuuliza unapenda lugha gani.

Baada ya hapo mambo yakajiendesha. WordPress ilitoka 2003, ikaandikwa kwa PHP kwa sababu ilitakiwa iwake kwenye hostingi ya yeyote. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote ni WordPress. Programu inayoendesha Wikipedia ni PHP. Moodle, ambayo vyuo vyetu vingi vinawekea notsi na mitihani, ni PHP. Facebook ilianza nayo 2004, na ilipokua haikuitupa. Waliandika injini yao wenyewe ya kuikimbiza, na mwaka 2014 wakatoa Hack, lugha iliyotoka ubavuni mwa PHP.

Perl yenyewe ilijimaliza pia. Mwaka 2000 walitangaza Perl 6, kizazi kipya. Ikaja kutoka Desemba 2015. Miaka kumi na tano, mwanangu! Nani angeanza mradi mkubwa kwa lugha ambayo wenyewe wameshasema mrithi wake yuko njiani? Mwaka 2019 hiyo Perl 6 ikabadilishwa jina ikaitwa Raku, kwa maana kwamba si mrithi tena bali lugha nyingine kabisa. Perl ya zamani bado inafanya kazi kimya kimya. Koha, mfumo wa maktaba uliozaliwa New Zealand na unaotumiwa na maktaba za vyuo vingi hata huku kwetu, ni Perl. Kwa hiyo huenda ulipokuwa unaazima vitabu chuoni ulihudumiwa na huyo unayemwita mfalme aliyepotea. PHP nayo ilikaribia shimo hilo hilo, kwani toleo la 6 liliahidiwa, likakwama, likaachwa mwaka 2010. Tofauti ni kwamba waliruka namba, wakaja na PHP 7 Desemba 2015, na tovuti nyingi zikapata kasi ya karibu mara mbili bila kuandikwa upya.

JavaScript ni kisa kifupi zaidi lakini ndicho kinachoua hoja ya ubora. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku kumi, Mei 1995, ndani ya Netscape, kampuni iliyokuwa na kivinjari kilichotumiwa kuliko vyote wakati ule. Hata jina ni la kibiashara. Ilikuwa LiveScript, ikaitwa JavaScript ili ipande kwenye umaarufu wa Java, ingawa hizo mbili hazina undugu unaostahili kutajwa. Hiyo kazi ya siku kumi ikakaa ndani ya kivinjari, na ukiwa ndani ya kivinjari uko ndani ya kila kompyuta.

Waliojaribu kuing'oa ni wengi. Microsoft walikuwa na VBScript, ikafanya kazi kwenye Internet Explorer peke yake. Applet za Java, vijiprogramu vya kukaa ndani ya ukurasa, zilikuja kuhitaji mtu apakue kitu cha ziada kwanza. Flash ilitamba kweli, lakini haikuruhusiwa kwenye iPhone, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wakaizika. Ninachopenda kuwakumbusha vijana ni Dart. Google waliitoa 2011, lugha safi, wakiwa na hela, na kivinjari Chrome ni chao wenyewe! Walitaka Dart iendeshwe moja kwa moja ndani ya Chrome. Wenye vivinjari vingine hawakuonyesha nia, na mwaka 2015 Google wenyewe wakaacha mpango huo. Dart ilikuja kufufuka kupitia Flutter, kwenye programu za simu, yaani mahali pengine kabisa ambapo hapakuwa na mwenyeji mwenye nguvu kama yule. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni makampuni makubwa yanayoamua, jibu ni kwamba yanasukuma, lakini Google imeshindwa ndani ya nyumba yake.

Node anayokuhubiria mdogo wako ilitoka 2009. Ryan Dahl alichukua injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome akaitoa nje, ikaanza kufanya kazi kwenye seva. Ilishika moto kwa sababu inayoeleweka: mtu wa kurasa tayari anaandika JavaScript, sasa unamwambia lugha hiyo hiyo inaweza kushughulikia na hifadhidata. Mwajiri akaona atalipa mtu mmoja badala ya wawili. (Kama huyo mtu mmoja naye ameongezwa mshahara, hilo sijalisikia.)

Kuhusu Ruby, kijana wa WhatsApp hakudanganyi. Ilianzishwa Japani na Yukihiro Matsumoto, toleo la wazi likatoka 1995, na kwa miaka mingi ilijulikana huko kwao zaidi kuliko kwingine. Kilichoitoa ni kiunzi kimoja, yaani mkusanyiko wa kodi zilizo tayari za kujengea, kiitwacho Rails, ambacho David Heinemeier Hansson alikitoa mwaka 2004 baada ya kukichomoa kutoka kwenye programu aliyokuwa anaitengeneza kwa ajili ya biashara yao. Aliwaonyesha watu kwenye video jinsi ya kujenga blogu kwa dakika 15, na waliokuwa wanakesha na Java wakahama kwa makundi. GitHub yenyewe na Shopify, ule mfumo wa maduka ya mtandaoni, zimejengwa kwa Rails. Lakini programu ya Rails inataka iwe macho muda wote kwenye seva, inakula kumbukumbu, na kwenye hostingi ya bei rahisi haikukaa vizuri. Kampuni changa ya San Francisco yenye mtaji ilikodi seva yake ikaendelea. Fundi wa Morogoro ambaye mteja wake analalamikia hata hela ya jina la tovuti hakuwa na njia hiyo. Ndiyo maana huoni tangazo.

Ni kama pikipiki. Bodaboda hanunui Boxer kwa kuwa ameilinganisha na pikipiki zote za dunia, ananunua kwa sababu ikizima Dumila jioni, fundi yupo na spea ipo dukani.

Python imeingia kwa mlango mwingine. Ni ya 1991, na kwenye wavuti ilipata Django mwaka 2005, kiunzi kilichotoka kwenye gazeti moja la Lawrence, Kansas, ambalo waandishi wake walikuwa wanataka kurasa mpya kwa haraka ya kigazeti. Instagram imejengwa juu yake. Lakini umaarufu unaousikia leo, ule uliomfikia mjumbe wako wa bodi, haukuletwa na wavuti. Umeletwa na wanasayansi, walimu wa vyuo na watu wa takwimu, na sasa akili mnemba. Mtu anajifunza Python ili achambue data, halafu siku akihitaji tovuti anatumia anachokijua. Java nayo inakaa benki na kwenye mifumo mikubwa yenye timu kubwa. DHIS2, ambayo wizara za afya za Kenya na Tanzania zinakusanyia takwimu za vituo vya afya, ni Java kwa upande wa seva, na nyuma yake kipo Chuo Kikuu cha Oslo na watu wengi wanaolipwa kuitunza. SACCOS yenu inakulipa wewe peke yako.

Na zipo zilizokwama kwa sababu ya leseni. ColdFusion ilitoka 1995 kama wenzake, ilikuwa rahisi kweli kujifunza, ila ilikuwa ya kulipia. PHP ya bure ikapita.

Sasa bodi.

Usiende kuitetea PHP, utaonekana unatetea ugali wako. Waulize wanataka mfumo ufanye nini ambacho haufanyi leo. Kama wanachama wanataka kuona salio kwenye simu, hilo linajengwa juu ya mfumo uliopo. Kama wanataka taarifa ya nani anaelekea kushindwa kurejesha, hapo Python ina kazi, lakini inasoma hifadhidata ile ile ya MySQL na mfumo unabaki ulivyo. Nadhani utakuta hakuna wanachokosa kinachotokana na lugha. Halafu waulize nani ataushika mfumo siku wewe ukiolewa Songea au ukipata kazi serikalini. Wa PHP watampata Morogoro hapo hapo. Wa Node pia watampata, sikatai, ila wauliziane na bei yake.

Na wakiendelea kusema uandikwe upya, wape gharama kwa maandishi, na muda, na wasimulie kuhusu Netscape, hao hao waliotuletea JavaScript. Mwaka 1998 waliamua kukiandika kivinjari chao upya kabisa kwa sababu kodi ya zamani ilikuwa imechakaa. Toleo jipya lilitoka Novemba 2000. Internet Explorer ilikuwa imeshachukua wateja. Walimu wako hawatakimbilia kwa Microsoft, ila watarudi kwenye daftari, na daftari likisharudi kulitoa ni kazi.

Lakini mwanangu, na wewe sikuachi hivi hivi. Mdogo wako amecheka lugha, mimi naogopa alichokiona ndani. Kama ulifundishwa kwa notsi za zamani, tafuta humo maneno mysql_connect na mysql_query. Yaliondolewa kabisa kwenye PHP 7, kwa hiyo kama mfumo wako unayatumia na bado unafanya kazi, maana yake seva yako iko kwenye PHP 5, na toleo la mwisho la 5 liliacha kupewa marekebisho ya usalama tangu mwisho wa 2018. Hata 7.4 iliachwa Novemba 2022. Hamia PDO, njia ya kisasa ya PHP kuongea na hifadhidata, na kila kinachotoka kwenye fomu kipite kwenye prepare na execute, usikiunganishe kwenye swali la SQL kwa nukta. Nywila za wanachama kama ulizihifadhi kwa md5, njia ya zamani iliyo rahisi kuvunjwa, badilisha ziwe za password_hash, mtu akiingia mara ya kwanza unaibadilisha ya kwake kimya kimya. Hilo bodi ikikuuliza unafanya nini, waambie unaleta mfumo kwenye PHP 8, na mwongo hutakuwa. Hiyo kazi itoze.

Ukimaliza, jifunze JavaScript vizuri, si kwa sababu ya kucheka kwa mtu, bali kwa sababu tayari unaitumia. Kile kisanduku kinachomzuia karani asiingize marejesho yenye herufi ni JavaScript, nami nina wasiwasi ulikinakili mahali bila kukisoma. Laravel, kiunzi cha PHP, nayo ni ya kuijua, ipo tangu 2011 na matangazo ya kazi yanaitaja. Mengine yatakuja na mteja atakayeyahitaji na kuyalipia.

Kabla hujagusa toleo la PHP kwenye cPanel, shusha nakala ya hifadhidata nzima na ya mafaili yote uweke nje ya seva, na ujaribu kwanza kwenye anwani ya pembeni ambayo wanachama hawaijui. Wala usifanye hivyo mwisho wa mwezi, wakati mishahara ya walimu imetoka na kila mtu anarejesha mkopo.

Mama Seva